Rafiki yangu anaenda Eldoret kuwa kurutu. Nimwambieje asante?

"Habari yako mshauri. Mimi nina miaka 23, naishi Umoja, nafanya kazi kwenye duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road. Mwaka huu mimi na rafiki yangu tulienda pamoja uwanjani siku ya kusajili makurutu wa KDF, jeshi la Kenya. Tulikimbia pamoja, yeye akachukuliwa, mimi nikaondolewa kwenye ukaguzi wa meno. Sasa ana barua ya mwito na ataondoka Jumamosi, wiki tatu kutoka leo. Huyu ni mtu tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la nne. Baba alipofariki nikiwa kidato cha tatu, alikuwa anakuja kwetu jioni na daftari la fizikia akijifanya ndiye hajaelewa, kumbe anataka nisome. Mama yake, anayeuza mboga Mutindwa, alinilisha karibu muhula mzima. Sijawahi kumwambia asante. Nikitaka kusema, mdomo unakuwa mzito. Mama yangu naye ananikataza. Anasema kumshukuru mtu anayeenda jeshini ni kama kumsomea wasifu wa mazishi, na tena mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Vijana wa mtaa wanachanga elfu mbili mbili tumfanyie sherehe kwenye klabu usiku wa Ijumaa, na mimi hizo pesa sina. Yeye mwenyewe siku hizi amekuwa mkavu, nikimwandikia anajibu neno moja. Na kusema ukweli, kuna wakati nikiiona ile barua roho inaniuma. Kuna jamaa ananiambia nikipata laki tatu atanitafutia nafasi mwaka ujao. Nifanye nini? Nimnunulie nini? Na nimsindikize hadi Eldoret?"

Ndugu yangu, umeuliza mengi, lakini lile lenye uzito umelipitisha haraka kana kwamba si swali: "mdomo unakuwa mzito". Zawadi, sherehe na nauli ya Eldoret tutayafikia. Kwanza nikuambie nilivyokuelewa. Una deni la miaka mingi kwa mtu ambaye hajawahi kukudai. Ukinyamaza unaogopa utajuta, ukisema unaogopa utamletea nuksi au utajiaibisha. Juu ya hayo yote, unayetaka kumshukuru ndiye aliyepata ulichokikosa, siku hiyo hiyo, uwanja huo huo. Ningeshangaa kama mdomo ungekuwa mwepesi.

Nianze na mama yako, kwa heshima zake zote, kwa sababu hofu yake haikutoka hewani. Kwetu mtu husifiwa akiwa ndani ya jeneza. Ndipo tunapoambiwa kwamba aliwalipia watoto wa jirani karo, na kwamba hakuna aliyewahi kutoka kwake na njaa. Hata jiji hili limefundishwa hivyo. Ile sanamu ya watu watatu wa shaba, askari na mpagazi, pale Kenyatta Avenue imesimama tangu 1928, na maandishi yake, ya Kiswahili yakiwemo, yanawaambia waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia kwamba hata wakifa, wana wao watayakumbuka majina yao. Hatua chache kutoka mjini kuna Kariokor, jina ambalo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita hivyo hivyo. Wengi wao walifia njiani bila majina yao kuandikwa popote. Mtu aliyelelewa mahali ambapo shukrani hungoja shaba au jeneza, akisikia "asante kwa yote" lazima anuse udongo wa kaburi. Kwa hiyo mama yako ameisoma desturi sawasawa. Ninachopinga ni dawa yake. Kama tumezoea kushukuru kwa kuchelewa, kinga haiwezi kuwa kuchelewa zaidi.

Tena kuna jambo la kawaida kabisa linalosahaulika kwenye mazungumzo haya. Rafiki yako haendi vitani Jumamosi hiyo. Kenya haina jeshi la kulazimishwa, kwa hiyo anaenda kwa hiari yake, na anakoenda ni shuleni: chuo cha kufundishia makurutu kilicho Moi Barracks, Eldoret. Huko ni miezi kadhaa ya kuamshwa alfajiri, gwaride, mbio, kulenga shabaha na kufokewa na maafande. Atakayevumilia ataingia kwenye gwaride la kuhitimu, ambalo familia hualikwa, kisha atapangiwa kikosi. Sikudanganyi kwamba kazi yenyewe haina hatari. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, na hakuna Mkenya mtu mzima aliyesahau habari za kambi yetu iliyoshambuliwa huko El Adde tarehe 15 Januari 2016. Lakini unayemuaga sasa ni mwanafunzi mpya, na unaweza kumuaga kama mwanafunzi mpya. Ukiona maneno yako yanaanza kunukia tanzia ("daima utakuwa moyoni", "popote utakapokuwa"), yafute. Sema habari za jioni na daftari la fizikia. Hakuna nuksi kwenye fizikia, ukiondoa ile tuliyoikuta kwenye mtihani.

Sasa mgema. Methali hii imewafunga watu wengi midomo na sidhani ilikusudiwa hivyo. Mgema bado anagema. Kesho atakuleteeni kibuyu kingine, na ukimvimbisha kichwa leo, kesho atachanganya maji akijua mtakunywa tu. Hiyo ni sifa. Sifa humtaja mtu alivyo: wewe ni hodari, wewe hakuna kama wewe. Shukrani hutaja kitendo kilichokwisha, tembo lililokwisha kunywewa miaka sita iliyopita, na hilo hakuna awezaye kulitia maji. Neno letu lenyewe linakumbuka tofauti hii. "Asante" limetokana na Kiarabu "ahsanta", yaani umefanya vyema. Ndani yake mna kitendo. Kwa hiyo ukitaka kumtii mama yako na bado umshukuru rafiki yako, inawezekana: usimsifu, mtajie alichokufanyia.

Kuhusu huo mdomo mzito, sababu yake ya kwanza ni hesabu ambayo karibu sote huikosea. Watafiti wawili wa Marekani, Amit Kumar na Nicholas Epley, walichapisha mwaka 2018 majaribio ambamo watu waliandika barua za shukrani, wakakisia wapokeaji watajisikiaje, kisha wapokeaji wenyewe wakaulizwa. Waandishi walidhani wapokeaji wangeona haya kuliko walivyoona kweli, na hawakutarajia wangeshangaa na kufurahi kwa kiasi kile. Chanzo cha kosa hilo kinaeleweka. Anayetoa shukrani hushughulika na ufundi: neno gani litangulie, sauti isitetemeke, nisionekane mshamba. Anayepokea hapimi ufundi hata kidogo, anachokisikia ni kwamba mtu huyu ananikumbuka. Wewe unajiandaa kwa mtihani ambao hakuna atakayeusahihisha.

Sababu ya pili sijaipata kwenye utafiti, nimeipata kwenye kiti cha mbele yangu kwa miaka mingi, hasa kwa wanaume. Kumwambia mtu asante kwa chakula ni kukiri kwamba ulikuwa na njaa. Ukimtajia zile jioni utakuwa umemtaja pia yule kijana wa kidato cha tatu aliyefiwa na baba na kutaka kuacha kila kitu. Nadhani huyo ndiye anayekukaba koo, zaidi ya rafiki yako. Ukijua hivyo mapema, hutashangaa macho yakilowa kidogo. Mimi mwenyewe, na mambo haya nayasomea, nilimsindikiza kaka yangu mkubwa kituo cha mabasi siku alipokwenda kambini, na tulichozungumza mwanzo hadi mwisho ni bei ya tiketi. Yeye ndiye aliyekuwa amenilipia karo. Nilikuja kumwambia miaka tisa baadaye, kwa simu, tena vibaya, na mtandao ukakatika katikati.

Ukavu wa rafiki yako nao usiuchukulie kama dharau. Mwaka 1987 mwandishi Mmarekani, Kathleen Vestal Logan, alieleza hatua saba wanazopitia wake wa wanamaji pindi waume zao wanapokwenda baharini kwa muda mrefu. Ya kwanza ni kuhisi uchungu wa kuachwa kabla ya kuachwa kwenyewe. Ya pili, katika siku za mwisho kabisa, ni kujitenga: watu wanaopendana huanza kununiana, kugombana kwa sababu ya kijiko, kukaa chumba kimoja kila mmoja na simu yake. Moyo unafanya mazoezi ya kuwa mbali ili siku yenyewe isiumize sana. Wewe si mkewe na yeye haendi baharini, lakini nimeiona hali hii kwa ndugu na marafiki mara nyingi mno. Huyo kijana anajibu neno moja kwa sababu kichwani anapiga hesabu za kilomita, baridi, na kama ataweza. Pengine anakuonea haya pia, kwa kuwa yeye aliitwa na wewe ukaambiwa urudi nyumbani. Usimuulize "mbona umebadilika?" Swali hilo litamfanya ajitetee. Mpe tu nafasi ya kukaa nawe bila kulazimika kuzungumza.

Hapo ndipo penye ufundi wenyewe, kama upo. Fanya mapema, wiki hii au ijayo, usingoje Ijumaa ya mwisho. Neno zito likisemwa mlangoni humwacha mtu nalo njiani peke yake. Likisemwa wiki mbili kabla, analichukua, analigeuzageuza, na siku nyingine mkiwa mnakula anarudi kulijibu kwa njia yake. Tena msikae mkitazamana. Wanaume wengi, na wanawake wengi pia, husema ya moyoni wakiwa bega kwa bega: mnatembea kutoka Mutindwa kuelekea Donholm jioni, mnarudi kutoka kwa kinyozi, mko kwenye benchi la kibanda mnangoja chapati na madondo. Macho yakiwa mbele, ulimi hulegea. Usimwite kwa "nina jambo zito nataka tuzungumze". Atadhani umempa msichana mimba.

Kisha sema kitu kimoja. Si miaka kumi na mitatu yote, kitu kimoja: alichofanya, na kilichobadilika kwako kwa sababu hiyo. Ukiniuliza mimi ningesema hivi: "Kuna kitu sijawahi kukuambia. Ile kidato cha tatu, ulipokuwa unakuja na daftari la fizikia ukijifanya hujaelewa, nilijua. Kama si zile jioni, shule ningeiacha. Asante." Ni nusu dakika. Ukihitaji kuligeuza liwe Sheng la kwenu, geuza, bora kitendo kibaki ndani. "Asante kwa kuwa rafiki mzuri" ni maneno ya kadi, yangemfaa hata mtu wa pembeni yake kwenye matatu.

Jitayarishe kwa jibu lake, kwa sababu huenda likawa mzaha. "Wee, umelewa?" au "Wacha hizo bana." Hapo ndipo wengi huanguka: wanaogopa, wanasema "natania tu", na kuchukua tena zawadi waliyokwisha kuitoa. Wewe cheka naye, sema "sijalewa", kisha badilisha mazungumzo. Shukrani haidai risiti.

Na barua? Huwa naulizwa sana hili na nitakupa maoni yangu waziwazi. Ujumbe wa WhatsApp ni bora kuliko kimya, lakini kurutu hakai na simu mafunzoni, kwa hiyo maneno yako yatabaki kwenye droo nyumbani wakati ule hasa anapoyahitaji. Karatasi husafiri. Ukurasa mmoja, kwa mkono wako, hata ukiwa na makosa ya tahajia, unaweza kusomwa usiku wa wiki ya tano miguu ikiwa na malengelenge. Lakini karatasi peke yake ina kasoro: ni rahisi kujificha nyuma yake, ukamwachia begini na kukimbia. Kwa hiyo sema kwa mdomo yale machache, kisha barua iongeze mengine. Na kwa kuwa atalala chumba kimoja na vijana wengi, usiandike siri ya mtu wala jambo litakalompa jina la utani mwezi mzima.

Sasa roho inayokuuma. Nashukuru umeitaja, ungeweza kuificha. Wivu na shukrani hukaa nyumba moja bila kufukuzana, na kuwa na wa kwanza hakuifanyi ya pili kuwa unafiki. Ungekuwa mnafiki kama ungekuwa unamtakia aanguke, na hujasema hivyo. Je, umwambie? Hapa napima kwa pande mbili. Ukimwambia, unaondoa ukuta ambao huenda naye anauhisi, na yeye atapumua. Ukimwambia vibaya, anaondoka na mzigo wa hatia usio wake. Mimi ningependa uuseme kwa sentensi moja, mwanzoni, ukiwa umetulia: "Iliniuma kuachwa, sitakudanganya, lakini nafurahi ni wewe." Halafu usirudi tena hapo. Kama unajua kwamba sentensi hiyo itafungua nyingine kumi za uchungu, iache, umletee mtu mwingine, hata mimi.

Huyo jamaa wa laki tatu mkimbie. Usajili wa KDF ni bure, tangu uwanjani hadi Eldoret, na si mara moja wala mbili vijana wamefika kwenye lango la kambi wakiwa na barua walizouziwa, wakaishia mikononi mwa polisi badala ya kwenye foleni ya sare. Wengine walikuwa wameuza shamba la nyumbani. Kama bado unautaka ujeshi, matangazo ya kawaida huchukua makurutu wa miaka 18 hadi 26, kwa hiyo mlango haujafungwa. Nenda kwanza kwa daktari wa meno akuambie kinachowezekana na kisichowezekana kabla hujajipa matumaini.

Zawadi nitaipitia haraka. Barua ya mwito huja na orodha ya anachotakiwa kwenda nacho. Muombe akuonyeshe. Chochote nje ya orodha huenda kikamsumbua, na saa ya bei ghali haina kazi huko. Chagua kitu kidogo kutoka kwenye orodha hiyo, umwambie hicho asinunue. Halafu mfanyie hili ambalo halina gharama: mwandikie kwenye karatasi ngumu namba za simu za watu wake wote muhimu, kwa kalamu isiyofutika. Sisi tulioishi na simu mfukoni hatujui namba ya mtu yeyote, hata ya mama zetu, na siku atakayopewa dakika chache za kupiga simu ndipo atakapoligundua hilo. Mkumbushe pia alipe Fuliza yake, ule mkopo wa M-Pesa, kabla hajaizima simu, na aamue nani ataitunza laini, maana laini isiyotumika muda mrefu huweza kufungwa. Asimpe mtu namba yake ya siri ya M-Pesa. Hata wewe usiipokee.

Kuhusu klabu, sina ugomvi na sherehe, nina ugomvi na usiku wenyewe. Jumamosi kijana ana safari ya zaidi ya kilomita 300 kupita Nakuru na Timboroa, anakwenda mji ulio juu kuliko Nairobi na wenye baridi yake, na mwilini mwake ndimo mtaji wake wote ulimo. Kifundo kikiteguka kwenye ngazi za klabu saa tisa usiku, au ugomvi wa mlevi mmoja ukimwachia jicho limevimba, mtakuwa mmemchangia hasara. Waombe wenzako waisogeze hadi Jumapili ya wiki inayotangulia, mchana, nyama na ugali kwa mtu yeyote mwenye nafasi ya uani. Huko elfu mbili haitahitajika. Toa ulichonacho, mia tatu, mia tano, na ujitolee kwenda sokoni na kuosha sufuria. Wakikataa kabisa kusogeza, usikope ili uonekane. Mwambie rafiki yako mwenyewe kwamba hutakuwepo Ijumaa na kwa nini, asije akaisikia kwa mwingine.

Lakini kama ungeniuliza shukrani ipi itamfikia mbali zaidi, nisingetaja lolote kati ya hayo. Ningetaja mama yake. Mtoto anayeondoka nyumbani Umoja haendi na begi moja, anakwenda na swali: nani atamwinulia mama magunia? Alikulisha muhula mzima, sasa zamu imekuja. Tahadhari tu na ukubwa wa ahadi. "Nitamtunza mama yako kama wangu" ni tamu kusema na haiwezekani kutekeleza kwa mshahara wa duka la vipuri, na ahadi kubwa iliyovunjika itamfikia hata Eldoret. Ahidi kitu unachoweza kukifanya hata wiki mbaya. Kila Jumamosi jioni utapita kwenye kibanda chake Mutindwa, umsaidie kufunga, ubebe vilivyobaki hadi nyumbani. Nusu saa tu. Mwambie rafiki yako siku na saa kamili, ili akiwa huko, Jumamosi jua likizama, ajue kwa hakika uko wapi.

Kuna hali ambazo maneno yangu hayatoshi na itabidi ukae ana kwa ana na mtu wa kazi hii. Kwako wewe: kama usingizi umekupotea kwa wiki mbili na zaidi, kama pombe imeanza kuwa ya kila siku, au kama kuondoka kwake kumekurudishia msiba wa baba kana kwamba ni jana. Hilo la mwisho hutokea sana na si wazimu. Kwake yeye: mtu anayesafiri hugawa nguo na viatu, hilo lisikutishe, lakini akianza kusema "heri nisirudi", au "hakuna atakayenikumbuka", au ukigundua anakimbilia jeshini kwa kuwa amechoka kuishi, usimngoje hadi Jumamosi. Muulize moja kwa moja kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kaa naye, mhusishe mzazi, na mwende hospitali yenye washauri nasaha. Mathari iliyo Thika Road hupokea watu wa namna hii kila siku. Namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya ni ya bure, na anayepokea amezoea mazungumzo haya.

Limebaki la kusindikiza. Eldoret usiende. Nauli ya kwenda na kurudi utaihitaji, na mwendo ule wa mwisho hadi langoni ni wa mzazi kama kuna mzazi anayekwenda, au ni wake peke yake. Wewe nenda hadi kituo cha mabasi mjini. Fika mapema, beba begi lake hadi mlangoni mwa gari, mnunulie maji na njugu, hakikisha ile karatasi ya namba iko mfukoni na si ndani ya simu. Hotuba usitoe, ulishasema. Gari likiondoka utaona bado ni mapema, kwa hiyo rudi kazini kama umeomba ruhusa ya nusu siku tu, lakini jioni usichelewe Mutindwa. Ni Jumamosi.